Kofi lina kifungu chake, mpini una kifungu chake

Wiki ya Krismasi Uru, kwetu huku Kilimanjaro juu ya Moshi, inajaa mpaka barabara inakosa pa kupita. Kila mtu karudi, wa Dar na magari yao, wa Arusha na stori zao, wa Mwanza macho mekundu kwa safari, na kihamba, yani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ambacho mwaka mzima kina wazee wawili na ng'ombe mmoja ghafla kina watu thelathini wanaotaka kuoga. Hapo ndo ugomvi wa mfongo unapoanza. Kwa wasiotoka huku, mfongo ni mfereji wa kuchimbwa kwa mkono, unachukua maji mtoni kule juu unayashusha mpaka migombani, walichimba mababu sisi tumerithi zamu tu. Na zamu haijui kama ni sikukuu.

Tarehe 27 Disemba zamu ilikuwa ya baba mdogo, alfajiri mpaka saa sita mchana. Saa mbili maji yakakata. Akabeba jembe akapandisha na mfongo kufuatilia, mi nikamfata nyuma na kikombe cha chai mkononi nikijua ni majani yameziba mahali. Hayakuwa majani. Jirani yetu wa juu, mtu ambae baba mdogo ndo alimsimamia ndoa, kaziba na viroba vya mchanga maji yote kayageuzia kwake.

Naomba niende pole pole hapa, maana wakati ule mi niliona kitu kimoja tu kinaitwa "walipigana", baadae ndo nikaja kujua kwamba ndani ya zile dakika tatu kulikuwa na makosa kadhaa tofauti, na jambo moja ambalo halikuwa kosa kabisa.

Baba mdogo kafika, kaviangalia viroba, akasema: "Isingekuwa sikukuu leo ningekuvunja." Jirani akacheka, akamjibu maneno ambayo siyaandiki maana mama anasoma humu, ila yalikuwa yanamhusu bibi. Baba mdogo akainua jembe juu ya kichwa. Hakupiga. Jirani akaruka nyuma akatumbukia kwenye mfongo akalowa mpaka magotini. Akatoka mle kwa hasira, akamkaba baba mdogo kola ya shati, akamtandika kofi moja nadhani lilisikika barabarani. Alafu akamwachia, akarudi nyuma hatua mbili akawa anahema. Hapo ndo baba mdogo akaligeuza jembe, akalishika karibu na chuma, akashusha mpini. Jirani akainua mkono wa kushoto. Nikasikia kama mtu kavunja kuni kavu.

Chai ilimwagika saa ngapi hata sijui.

Tukampandisha bodaboda, mi nyuma nimemshikilia asidondoke. Kituo cha afya cha kwanza tukaambiwa bila PF3 hawamgusi. Yani mkono wa mtu umepinda kama ndoano na wewe unamwambia habari ya fomu. PF3 kwa ambae hajapata bahati hiyo ni fomu ya polisi namba 3, unaichukua kituo cha polisi, unaipeleka hospitali, daktari anaandika jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limeletwa na kitu gani, alafu inarudi polisi na siku moja inakuja kuzungumza mahakamani wakati wote mmeshasahau. Tukageuza. Hospitali tuliyoishia, muuguzi mmoja akatuambia mtu wa dharura anahudumiwa kwanza fomu inamfata, ila sisi tulikuwa tumeshazunguka saa nzima na ushee na mgonjwa analia kama mtoto.

Eksirei ikaonyesha mfupa mmoja wa mkono wa chini, ule wa upande wa kidole kidogo, umevunjika katikati. Akafungwa hogo. Daktari akasema, bila hata kuniangalia, kwamba mfupa huo ukivunjika peke yake pale katikati mara nyingi ni wa mtu aliyeinua mkono kujikinga. Alikuwa anaandika huku anasema. Mi nikaona ile kalamu inavotembea kwenye PF3 nikajua baba mdogo anaandikwa.

Sasa nina binamu, mtoto wa shangazi, kasoma sheria. Alikuja sikukuu akitegemea kula ndafu akajikuta wakili wa ukoo. Jioni ile tumebanana jikoni kwa bibi, moshi machoni, wazee wanauliza nani alianza, nani alianza. Kila mtu ana jibu lake. Binamu akasema, "Wazee shikamooni, samahani, nani alianza itakuja baadae. Mi nataka kujua mwili wa mtu umepatwa na nini, na aliempiga alikuwa na nini kichwani."

Akaanza na lile la kwanza, la isingekuwa sikukuu. Akasema hilo sio shambulio, na akatoa kesi ya Uingereza ya mwaka 1669. Watu wawili wamegombana, mmoja akashika mpini wa upanga wake akamwambia mwenzake, kama majaji wasingekuwa mjini nisingekubali maneno yako. Mahakama ikasema hapa hakuna shambulio, kwasababu yeye mwenyewe katamka kwamba leo hafanyi kitu, majaji wapo. Mkono uko kwenye upanga lakini mdomo umeuzuia. Aisee, 1669! Na baba mdogo kaisema ileile juu ya mfongo Uru bila kufungua kitabu chochote. Hata we unaesoma umeshawahi kuisema, ungekuwa sio mzee ningekuzaba, usingekuwa mke wa mtu ningekuonyesha.

Mzee mmoja akauliza kesi ya Wazungu inatuhusu nini sisi. Swali zuri. Kanuni ya Adhabu tunayotumia, Sura ya 16, ilitungwa na Waingereza ikaanza kazi Tanganyika mwaka 1930, na ilipoandikwa ilitaka isomwe kwa maana zilezile za sheria ya jinai ya kwao. Imeeleza madhara ni nini, madhara makubwa ni nini, kulemaza ni nini. Ila neno shambulio lenyewe, ndo imelitumia tu bila kulieleza, kama vile kila mtu analijua. Kwahiyo ukitaka maana yake unajikuta unarudi kwa wale jamaa wa upanga.

Likafata la jembe kuinuliwa na hapo jiko likawaka. "Hajamgusa!" walipiga kelele kama watano kwa pamoja. Binamu akasema kugusa sio lazima. Ukimfanya mtu aone kabisa kwamba anapigwa sasa hivi, umeshamshambulia, Waingereza hilo wanalipa jina lake na kule kugusa kuna jina lingine, ila kwetu kwa maneno ya kila siku yote mawili tunayaita shambulio. Muhimu hofu iwe ya papo hapo. Jembe ukiinua nyuma ya mtu asiekuona, hofu hana. Ukimwambia ntakuja kukuchoma nyumba mwezi ujao, hilo ni la kutishia na lina kifungu chake kingine, kilekile cha 89 kinachobeba na matusi, kwahiyo jirani na lile neno la bibi nae alikuwa ameshachafuka. Alafu akatoa moja lililonishangaza zaidi, mwaka 1997 baraza la juu kabisa la majaji Uingereza lilikataa rufaa ya mwanaume aliekutwa na hatia kwa kuwapigia wanawake simu usiku na kukaa kimya. Haongei. Anapumua tu. Wakasema hata ukimya unaweza kuwa shambulio kama anaesikiliza anaogopa huyu mtu yuko mlangoni. Shangazi akasema basi kuna watu wengi sana hapa Moshi walitakiwa wawe ndani.

Kofi ndo rahisi. Shambulio la kawaida, kifungu cha 240, mpaka mwaka mmoja jela. (Namba ninazotaja ni zile za siku zote, sheria zikifanyiwa urekebu namba huwa zinahama kwahiyo usije ukanipeleka mahakamani na mimi.) Halihitaji kidonda wala alama. Kofi, kusukuma, kukaba kola, kutemea mate, kumwagia mtu uji, yote yanaingia. Na hili lilikuwa la jirani! Wazee wakafurahi kweli, mmoja akanyoosha mkono kuomba mbege, pombe yetu ya ndizi, ijazwe. Binamu akasubiri wanywe.

Juu ya kofi kuna shambulio la kudhuru mwili, 241, hilo linafika miaka mitano. Hapa lazima kitu kibaki mwilini, uvimbe, jino linacheza, maumivu yanayokunyima kulala, sio mambo ya kufuta na kitambaa. Na mwili ni mpana kuliko tunavodhani maana mwaka 2006 mahakama ya Uingereza ilisema kukata nywele za mtu kwa lazima ni kumdhuru mwili. Jamaa alimkata mpenzi wake wa zamani mkia wa nywele na mkasi. Hakuna damu, hakuna maumivu, lakini nywele ni sehemu ya mwili wake na yeye ndo mwenye kuamua. Shangazi ana saluni mjini. Alinyamaza mda mrefu alafu akasema kuna wateja anawakumbuka.

Kuhusu damu, sisi wote pale tulikuwa tunaamini damu ndo kipimo. Ikitoka kesi kubwa, isipotoka kesi ndogo. Sio hivyo. Sheria ina kitu inaita jeraha kwa maana ya ngozi kuchanika au kutobolewa, na ni finyu kuliko unavofikiri, kuna kesi ya Uingereza ya 1983 kijana alipigwa na risasi ya bunduki ya upepo karibu na jicho, mishipa ya ndani ikapasuka jicho likajaa damu, majaji wakasema hilo sio jeraha maana ngozi haijafunguka. Jirani yetu hakutoka tone. Hata shati halikuchafuka zaidi ya tope la mfongo. Na bado yuko ngazi ya juu kuliko mtu aliechanwa na kiwembe akashonwa nyuzi tatu.

Hiyo ngazi inaitwa madhara makubwa, kifungu cha 225, mpaka miaka saba. Binamu alitusomea kwenye simu maana yake, mi nikamwomba arudie mara tatu. Ni kumlemaza mtu, au kuhatarisha uhai wake, au kumuumiza afya kwa uzito au kwa kudumu, au kumharibu sura moja kwa moja, au jeraha la kudumu au la uzito kwenye kiungo chochote cha nje au cha ndani. Ona hizo "au". Sio lazima uwe kilema, uzito peke yake unatosha. Sasa uzito ni nini? Mfupa unaounga ndani ya miezi miwili ni mzito? Wakili wa utetezi atasema hapana, hii ni kudhuru mwili tu, miaka mitano. Mwendesha mashtaka atasema mtu mwenye migomba na ng'ombe mkono ukikaa kwenye hogo ni uzito gani tena unataka. Miaka miwili ya mtu inaning'inia kwenye neno moja.

Kabla ya 1930 mambo yalikuwa tofauti. Huku ilitumika sheria ya adhabu ya India, ile ambayo Waingereza waliitunga kwa ajili ya India mwaka 1860, na yenyewe haikutaka ubishi, iliorodhesha aina nane za maumivu makubwa na mfupa au jino kuvunjika limo kwa jina kabisa. Imo pia maumivu makali ya siku ishirini au siku ishirini za kushindwa shughuli zako za kawaida. Unahesabu tu. Mi sio mwanasheria lakini orodha ile naielewa kuliko hii ya uzito. Binamu anasema orodha nayo ina shida yake, mtu akikuumiza kwa namna ya tisa unabaki unakodoa macho. Sawa, ila jino ni jino.

Kabla sijasahau, mke wa kaka yangu alikuwa anakoroga kitawa, chakula chetu cha ndizi, pembeni akauliza kwa sauti ya chini, na ndani ya nyumba je? Binamu akamjibu bila kupunguza sauti, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Kofi la mume lina 240 kama kofi la jirani. Jiko lilikuwa kimya kidogo. Kaka akatoka nje kuangalia ng'ombe.

Juu ya yote kuna 222. Hapo ni mtu aliekusudia. Amedhamiria kulemaza au kuleta madhara makubwa na akafanya, kifungo chake kinafika maisha. Mkono uliovunjika ni uleule, hogo ni lilelile, eksirei haibadiliki, kinachobadilika ni kichwa cha aliepiga, na kwa vile kichwa hakipigwi eksirei wanaangalia vitu vidogo vidogo: silaha gani, wapi ulilenga, ulisema nini kabla. Kwahiyo lile "ningekuvunja" ambalo jioni tulilisherehekea kwamba sio kosa, likarudi kwa mlango wa nyuma kama ushahidi wa nia. Kugeuza jembe kulimsaidia baba mdogo, mtu anaetaka kuua hashiki upande wa chuma. Kulenga kichwani hakukumsaidia. Na binamu akaongeza, polepole, kwamba ule mkono usingeinuka tungekuwa tunaongelea kesi ya kuua, na sheria inasubiri mwaka mzima na siku moja kuona kama mtu atakufa na lile pigo.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa anasema kitu kimoja tu, "Alinikaba. Alinikaba na akanizaba mbele ya mtoto." Mtoto ndo mimi, nina miaka thelathini na nne.

Na ni kweli alimkaba. Mtu akikuvamia una haki ya kujitetea kwa nguvu zinazolingana, hiyo ipo kwenye sheria na haina ubishi. Ila mpini uliposhuka jirani alikuwa ameshaachia kola na yuko hatua mbili nyuma anahema. Hizo hatua mbili nilikuwa naziona mimi peke yangu. Kesho yake polisi wakaniita kuandika maelezo, na usiku ule mzee mmoja, sitamtaja, alinishika bega akaniambia mwanangu we ulikuwa nyuma, migomba ilikuziba, hukuona vizuri.

Niliandika hatua mbili. Mpaka leo kuna nyumba pale juu nikipita sikaribishwi chai.

Sasa kuna jambo la isale. Kwetu ukimkosea mtu sana unachukua jani la isale, linafungwa fundo, mzee wa ukoo analipeleka kwa uliemkosea, na kulikataa ni kitu kizito sana, watu wanaogopa kulikataa kuliko wanavoogopa mahakama. Tarehe 30 mzee wetu alipanda na isale. Jirani alilipokea na mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye hogo. Alitoa machozi. Viroba vikaondolewa, mbege ikanyweka, baba mdogo akaahidi kulipia matibabu na kibarua wa kukata majani ya ng'ombe mpaka mkono upone. Kwa kila mtu wa Uru pale mambo yaliisha.

Tukashuka wote kituoni kufuta kesi. Askari tuliemkuta hata hakuwa mkali. Akatuelezea kwamba ingekuwa kofi tu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuwapatanisha watu kwenye shambulio la kawaida na mambo mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Mfupa umevunjika, hiyo haimo. Jirani akasema, "Afande, mkono ni wangu na mi nimesamehe." Akajibiwa, "Mkono wako, kesi ya Jamhuri." Askari akamgeukia baba mdogo akamwambia kama anataka anaweza kufungua la kwake la kofi, baba mdogo akasonya.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira na yule askari. Alafu nikakumbuka mama mmoja wa huku kwetu ambae mume wake alimvunja taya, ukoo ukakaa, ikaliwa mbuzi, ukakaa tena mara ya pili, mbuzi wa pili, na kila mara ni yeye aliekuwa anaombwa apokee. Nani angemkatalia mzee na isale mkononi? Kwahiyo hasira ikapungua, haikuisha.

Kesi iko mahakama ya wilaya, shtaka ni 225, na mpaka sasa imeahirishwa mara nne. Siku za kesi Noah ya asubuhi ni moja tu inayowahi, kwahiyo mshtakiwa na mlalamikaji wanakaa kiti kimoja, mi shahidi nyuma yao. Mara ya mwisho baba mdogo alikuwa na noti kubwa, konda hana chenji, jirani akalipa nauli ya wote watatu kwa mkono uleule wa kushoto ambao hogo limeshatoka ila haunyooki vizuri. Mahakamani karani akauliza nani ni nani, wakanyoosha mikono kwa pamoja. Kuahirishwa. Kurudi walikuwa wanabishana zamu ya Jumamosi ni ya nani, mi nikahama kiti nikaenda kukaa mbele na dereva.